Mjumbe Mmoja, Hukumu Mbili

Mtu akitapika hushikwa kichwa, hupewa maji na huambiwa pole. Mtu akiuza dhahabu za mkewe apate ya kuchezea kamari, hapewi maji wala haambiwi pole. Hutajwa barazani kwa sauti ya chini, na wanawe huona haya kupita njiani. Hukumu hizi mbili ni kongwe, na hapana azionaye kuwa ngeni. La kwanza ni jambo la tumbo, na tumbo halina dhambi. La pili ni jambo la nafsi, na nafsi ina mwenyewe, naye ndiye wa kuulizwa. Lakini je, hukumu hizo zitasimama wapi pindi ikibainika kuwa kilichomtapisha huyo wa kwanza na kilichomwingiza huyo wa pili kamarini ni kidonge kimoja, kilichoandikwa na tabibu mmoja na kumezwa na mtu mmoja?

Swali hili halikubuniwa kwa ajili ya kunogesha mabishano. Limezaliwa katika tiba ya ugonjwa wa Parkinson, maradhi yaliyopewa jina la tabibu wa London, James Parkinson, aliyeyaeleza katika kijitabu chake cha mwaka 1817. Mikono hutetemeka, hatua hufupika, mwili huinama mbele, na kila tendo dogo, kama kufunga kifungo cha shati, huwa kazi ya kutwa. Parkinson hakusahau kuandika kwamba wagonjwa wake walikuwa wakifunga choo pia. Jambo hilo lilichukuliwa kwa muda mrefu kuwa dogo. Leo inajulikana kuwa kwa baadhi ya wagonjwa choo huwa kigumu miaka kadhaa kabla mkono haujaanza kutetemeka. Tumbo lilitangulia kusema, ila macho ya watu yalikuwa mkononi.

Kiini cha mtetemeko huo ni upungufu wa dopamini katika sehemu moja ya ubongo. Dopamini ni kemikali ambayo seli hupelekeana kama mjumbe. Ilitengenezwa maabara mara ya kwanza mwaka 1910, huko London, na kwa karibu miaka hamsini wataalamu waliidhani kuwa ni daraja tu, kitu ambacho mwili hukipitia unapotengeneza kemikali nyingine. Mwaka 1957 Arvid Carlsson na wenzake nchini Uswidi waliwapa sungura dawa iliyofilisi akiba ya wajumbe wa ubongo, na wanyama hao wakalala hawajiwezi. Walipodungwa levodopa, ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini, wakainuka. Carlsson alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2000 kwa kazi hiyo. Lakini tangu zamani hizo sifa za dopamini zilikuwa zimekwishatoka maabara na kuingia magazetini, na kila lililohusu raha, uchu na uraibu likaandikiwa jina lake. Ikawa kana kwamba furaha imepatikana chupani, na kilichosalia ni kupima ujazo wake.

Sifa hizo hupata mtihani zinaposhuka tumboni. Mwaka 1997 watafiti waliopima kemikali hiyo katika damu ya viungo vya tumbo vya binadamu walikadiria kuwa karibu nusu ya dopamini yote ya mwili hutengenezwa humo. Aina tano za vipokezi vya dopamini zinajulikana, na zote zimeonekana katika utumbo wa panya wa maabara. Utumbo wa binadamu nao unavyo vyake. Baadhi ya vipokezi hivyo vimekaa katika mishipa ya fahamu ya utumbo wenyewe, na mishipa hiyo si matawi tu yanayongoja amri ya kichwa. Mwaka 1899 William Bayliss na Ernest Starling waliikata mishipa ya nje inayoufikia utumbo wa mbwa, na utumbo ukaendelea kukisukuma kilichomo: ukijikaza nyuma yake na kujilegeza mbele yake, bila ya kuagizwa kutoka juu. John Langley, katika kitabu chake cha mwaka 1921, akaupa mtandao huo jina lake na nafasi yake mahsusi miongoni mwa mifumo ya mishipa ya fahamu.

Dopamini hufanya nini humo? Raha haimo. Kazi yake iliyo dhahiri zaidi ni kuzuia: hulegeza misuli ya tumbo, huchelewesha chakula kutoka, hutuliza mwendo wa utumbo. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2006, panya waliozaliwa bila ya kipokezi cha aina ya pili walikipitisha chakula upesi kuliko wenzao, kwa kuwa hapakuwa na wa kuuzuia utumbo wao. Na dopamini ikizidi, huja kichefuchefu. Hivyo basi, kitu kile kile kinachosifiwa kwa kumtia mtu hamu, kikizidi upande huu humwondolea hata hamu ya kutazama sahani.

Mwenye kuijua lugha ya Kiswahili hatashangazwa sana na jambo hili. Mvuvi akitamka *kaa*, amekusudia mnyama mwenye magando. Mpishi akitamka *kaa*, amekusudia moto uliomo jikoni. Mwenye nyumba akimwambia mgeni *kaa*, amemkirimu. Sauti ni moja, na hapana mwenye akili timamu atakayeipasua sauti hiyo kwa kisu akitafuta ndani yake gando, moto au ukarimu. Maana haimo ndani ya sauti. Imo kwa anayepokea, imo katika mahali, na imo katika maneno yaliyotangulia na yatakayofuata. Dopamini nayo haina raha ndani yake, kama vile haina kichefuchefu ndani yake. Hata kipokezi peke yake si maana, kwani kipokezi cha aina ya pili kilichomo utumboni ni kile kile kilichomo ubongoni. Ni mlango wa namna moja uliotiwa katika nyumba mbili; abishaye hodi ni yule yule, lakini waitikiao ni mbalimbali.

Baina ya nyumba hizo mbili pana ukuta. Damu haiingizi ubongoni kila ilichokibeba, na dopamini ni miongoni mwa vinavyokataliwa mlangoni. Ndiyo maana mgonjwa wa Parkinson hapewi dopamini yenyewe, bali levodopa, ambayo huruhusiwa kupita na kugeuzwa ikishafika ndani. Mwaka 1967 George Cotzias, huko New York, alitangaza kuwa levodopa ikitolewa kwa wingi na kwa kupandishwa polepole huwarudishia wagonjwa mwendo. Watu waliokuwa wamekakamaa wakatembea. Ila walitapika. Sehemu kubwa ya dawa iligeuzwa kuwa dopamini njiani, na vimeng'enya vilivyomo utumboni na kwingineko, kabla haijafika ilikotumwa. Dopamini hiyo iliyozagaa ikaulegeza utumbo, na ikagusa pia sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo, nje ya ukuta, ambayo kazi yake ni kuonja damu na kuamuru kutapika pindi inapohisi sumu.

Matabibu walilifanyaje jambo hilo? Hawakumwambia mgonjwa kuwa ana uvumilivu haba, wala hawakumshauri ajikaze kiume. Walitafuta kemikali ya pili, karbidopa, inayozuia mgeuzo huo nje ya ubongo pasipo kuingia ndani. Dawa hizo mbili zikatiwa katika kidonge kimoja kilichoanza kuuzwa Marekani mwaka 1975 kwa jina la Sinemet, jina lililoundwa kutokana na maneno ya lugha za kale za Ulaya yenye maana ya "bila ya kutapika". Kichefuchefu cha wagonjwa kilihurumiwa hadi kikaingia katika jina la dawa.

Safari hiyo ina upande wake wa pili. Metoklopramidi ni dawa ya tumbo. Huviziba vipokezi vya dopamini, ikaondoa kichefuchefu na kulihimiza tumbo lifanye kazi. Lakini dawa hiyo huvuka ukuta, na ikitumiwa muda mrefu huweza kumfanya mtu atetemeke kama mgonjwa wa Parkinson, au kumwachia ulimi na midomo vinavyochezacheza bila ya hiari yake. Mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru itiwe onyo la daraja ya juu kabisa kwa sababu hiyo. Mtu alikwenda kutibiwa tumbo, akarudi na uso usiomtii. Basi si kweli kwamba ya tumbo huishia tumboni na ya kichwa huanzia kichwani. Mipaka hiyo imechorwa na watu kwa ajili ya mazungumzo yao, na dawa hazikuisoma.

Hapo ndipo kinapoingia kidonge kilichotajwa mwanzo. Baada ya levodopa zilipatikana dawa nyingine, kama pramipeksoli na ropiniroli, ambazo si dopamini wala hazigeuki kuwa dopamini, bali huviendea vipokezi vyake na kubisha hodi kwa sauti inayofanana na yake. Siku za mwanzo mgonjwa huweza kupata kichefuchefu. Hulalamika, hupunguziwa, huzoea. Baada ya miezi, pengine miaka, baadhi yao huanza mambo ambayo hawakuwa nayo: kucheza kamari usiku kucha, kununua vitu visivyo na kazi, kula bila ya njaa, kuandamwa na matamanio ya mwili yasiyotulia. Mwaka 2005 matabibu wa Mayo Clinic ya Marekani walitoa habari za wagonjwa 11 waliotekwa na kamari wakiwa katika dawa za namna hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, wa wagonjwa 3,090 wa Marekani na Kanada, uliona matatizo ya aina hii kwa wagonjwa kama 17 katika kila 100 waliokuwa wakizitumia, na kwa kama 7 katika kila 100 wasiozitumia. Mwaka 2012 mahakama ya rufaa ya Rennes, Ufaransa, iliamuru mgonjwa mmoja alipwe fidia na kampuni iliyotengeneza ropiniroli aliyokuwa akiitumia, baada ya kamari na matamanio kumharibia maisha.

Mtu huyo mmoja, basi, amepata madhara mawili ya dawa moja. La tumbo alilisema siku ile ile, mbele ya mkewe na mbele ya tabibu, wala hakuona haya. La nafsi alilificha. Alilificha kwa kuwa aliamini, kama jirani zake walivyoamini, kwamba kichefuchefu kimempata lakini kamari ameitaka. Kutoka katika siri hiyo ndiko hutoka maangamizi: dhahabu huuzwa, madeni hujengeka, ndoa huvunjika, na kidonge huendelea kumezwa asubuhi na jioni kwa maji safi.

Wapo watakaosema kwamba kidonge hakikuumba kitu. Kimefunua tu kilichokuwamo. Kauli hii ina nguvu, kwani wengi waliokitumia hawakucheza kamari, na utafiti ule wa mwaka 2010 uliona kuwa ujana na kuwa na jamaa wacheza kamari ni miongoni mwa mambo yaliyoambatana na hatari hiyo. Udongo una kazi yake. Lakini nani aliyechagua udongo wake? Na mbona kauli hiyo haitumiwi kwa tumbo? Hapana aliyesema kuwa kichefuchefu kimefunua ubovu uliojificha katika tabia ya mgonjwa. Tena, mara nyingi dawa ikipunguzwa, kwa utaratibu na chini ya macho ya tabibu, uchu huo hupungua au huondoka. Kama ingekuwa ni sura yake ya kweli iliyofunuliwa, basi ingekuwa ni sura ya ajabu, inayovuliwa na kuvaliwa kwa miligramu.

Wengine watakwenda kinyume chake na kusema: ikiwa ndivyo, hapana mwenye kosa duniani. Asiyemeza kidonge naye anayo dopamini yake, na mwizi atajitetea kwayo, na mlafi, na mzinzi. Hao nao wamekosea, ila kosa lao ni la namna nyingine. Ikiwa kujua chanzo cha tendo katika mwili kunafuta lawama, basi kunafuta sifa pia. Mwanamke aliyemuuguza mama yake miaka kumi, naye ana ubongo na una wajumbe wake. Mtu aliyerudisha mkoba alioukuta sokoni, mkono wake ulisogezwa na kemikali zile zile. Mwenye kutaka kuufuta uovu kwa hoja hiyo hana budi kuufuta na wema, abaki na dunia ambamo hapana wa kushukuriwa. Kwamba neno ni upepo unaotoka kinywani ni kweli, lakini hapana aliyewahi kujitetea kwa mtu aliyemtukana kwa kusema kuwa amempulizia upepo tu.

Iko wapi, basi, tofauti baina ya tumbo na nafsi, kama haiko katika mjumbe wala katika mlango? Huenda iko hapa: tumbo haliambiliki. Mtu anaweza kuusihi utumbo wake, akauombea na kuutisha, nao ukafuata mwendo wake. Nafsi ni mahali ambapo pamoja na mjumbe wa kemikali hufika pia neno. Hufika nasaha ya rafiki, kilio cha mtoto, kumbukumbu ya ahadi, aibu ya kesho. Mtu mwenye tamaa ya kawaida huyasikia hayo hata pale anapoyapuuza, na kwa sababu ameyasikia ndiyo maana ana la kujibu. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Kwa mgonjwa huyu methali imepinduka: dawa yenyewe ndiyo iliyoziba sikio. Nasaha zimesemwa na kurudiwa, na njia ya kuingilia imekatika.

Kwa kipimo hicho, lawama haipimwi kwa ubaya wa tendo peke yake, wala haifutwi kwa kupatikana kemikali nyuma yake. Hupimwa kwa kadiri neno lilivyokuwa na njia ya kumfikia mtendaji. Njia hiyo ikiwa wazi, ajibu. Ikiwa imezibwa, hukumu ihame, iwaendee wale waliokuwa na neno na hawakulisema: mtengenezaji aliyejua na kunyamaza, tabibu aliyeandika dawa bila ya kuonya, jamaa walioona dhahabu zikipungua wakachagua kusengenya badala ya kuuliza.

Lakini lawama si jambo pekee lililopo, na hapa tumbo lina la kufundisha. Aliyetapika juu ya mkeka wa jirani halaumiwi hata kidogo, na hata hivyo mkeka huoshwa. Huoshwa na yeye akiweza, na asipoweza huoshwa na wa kwake, na hapana anayeona kuwa kuuosha ni kukiri dhambi. Mambo mawili ambayo watu huyachanganya yanapotajwa ya kamari, lawama na wajibu, kumbe katika kutapika yamekwishatenganishwa zamani pasipo mwanafalsafa yeyote. Mgonjwa aliyetekwa na kidonge huweza kusamehewa yote, na bado mke akawa anadai dhahabu zake. Msamaha hautamvisha bangili. Atakayesema "haikuwa mimi, ilikuwa dawa" amesema kweli katika lawama, lakini ameongopa ikiwa amekusudia kwamba deni nalo ni la dawa. Na mke atakayesema "nimekusamehe, na nataka changu" hakujipinga. Amesema kauli mbili za haki katika pumzi moja.

Wengi waandamwao na tamaa hawana kidonge cha kusingizia, wala makala ya tabibu ya kuwatetea. Kwa hao kazi ya kuhukumu ni ngumu zaidi, kwa sababu kuzibika kwa sikio lao hakuonekani katika karatasi ya dawa. Hilo halimlazimu mtu aamini kila kisingizio. Linamlazimu ajaribu neno kwanza, alitamke ana kwa ana na si kwa mgongo, kisha atazame kama limefika.

Na kwa wale walio na kidonge, la kufanywa ni dogo, wala haligharimu kitu. Mtu wa Parkinson anaporudi kliniki huulizwa kama anatapika, kama analala, kama anapata choo. Aulizwe pia, pamoja naye aliyefuatana naye, kama siku hizi anacheza kamari, ananunua ovyo, anakula kupita kiasi, au anasumbuliwa na matamanio asiyoyazoea. Na aulizwe kwa sauti ile ile iliyotumika kuulizia choo, maana sauti ikibadilika hapo, atajibu la.